Kurudi Dodoma kutoka ziwani: mwongozo kwa wenye watoto, samaki na nguo mbichi

Kwenda ziwani kila mtu anajua. Unalipia nyumba, unajaza gari, watoto wanaimba mpaka Manyoni. Kurudi ndiko hakuna anayekufundisha. Mwaka wa kwanza tuliondoka Mwanza Jumapili saa nne asubuhi, tukaingia Dodoma saa sita usiku. Mtoto mmoja ana homa, kapeti la gari linanuka sato, LUKU imeisha, na kesho yake shule inafunguliwa. Tumekwenda mara tatu tangu hapo, na kila safari nimepunguza kosa moja au mawili.

Naandika kwa familia inayopanga nyumba ndogo ufukweni mwa Ziwa Victoria upande wa Mwanza halafu inarudi Dodoma kwa gari lake. Wa basi nao watapata chao. Aliyeishia Ziwa Singidani kwa siku mbili anaweza kuruka sehemu ya barabara, lakini asiruke ya usafi na ya afya.

Hatua ya 1: Usirudi Jumapili

Rudi Ijumaa au, ukichelewa sana, Jumamosi. Najua umelipia mpaka Jumapili na inauma kuacha usiku mmoja wa ziwa. Uache. Siku ile moja ya katikati ndiyo ya kufua, kutafuta soksi za shule, kulala mchana na kugundua kwamba daftari la mazoezi ya likizo halijaguswa.

Hatua ya 2: Maliza mambo ya nyumba jioni ya mwisho

Kuogelea kwa mwisho ni jana yake mchana, si asubuhi ya safari. Watoto watalia, walie. Ukiwaruhusu "kidogo tu" alfajiri, utabeba nguo zinazochuruzika kilomita mia saba, na utaondoka saa tatu badala ya saa kumi na moja.

Kabla giza halijaingia, pita chumba hadi chumba pamoja na msimamizi wa nyumba. Hesabuni vyombo, piga picha vitanda, choo na jiko. Kiti kilichokuwa kimevunjika mlipofika kisije kikawa chenu siku ya kuondoka. Kama mlikubaliana umeme ni wa mpangaji, someni uniti pamoja. Dai amana yako usiku huohuo. Saa kumi na moja alfajiri utamkuta mlinzi peke yake, naye hana habari na pesa yako.

Nguo mbichi zikamue, zipakie kwenye ndoo yenye mfuniko, peke yake. Viatu vya ufukweni vigonge nje mpaka mchanga uishe. Juu kabisa ya mizigo weka masweta. Mtu akishazoea joto la ziwani anasahau kwamba Juni na Julai Dodoma usiku ina baridi ya kweli, na watoto watashuka garini na kaptula.

Hatua ya 3: Samaki

Hapa nitakaa kidogo. Kurudi Dodoma kutoka Mwanza bila samaki ni kama kupita Singida bila kuuliza bei ya kuku. Watu watajiuliza kama kweli ulifika. Lakini kila samaki ana namna yake ya kusafiri.

Dagaa ndio wepesi. Tafuta waliokaushwa juu ya vichanja, si waliotandazwa mchangani. Tofauti utaisikia kwenye meno. Mvunje mmoja: akikatika kwa mlio na asiwe na harufu ya mafuta yaliyochacha, nunua. Wafunge kwenye kiroba au boksi la karatasi wapate hewa. Wakibanwa kwenye kitu kisichopumua, unyevu kidogo tu unawaotesha ukungu. Na usitegemee mifuko laini ya plastiki, ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019.

Sangara ana mafuta mengi. Mimi humbeba akiwa amekaangwa hadi kukauka au amekaushwa kwa moshi. Mwache apoe kabisa kabla ya kumfunga, la sivyo mvuke wake mwenyewe utamvundisha njiani. Mkifika aingie kwenye friji usiku uleule.

Sato mbichi ndiye mwenye kazi. Nenda mwaloni, wavuvi wanaposhushia samaki, asubuhi, siku moja kabla ya safari. Usinunue wadogo kwa sababu bei ni ya huruma: sato asiyefika sentimita 25 na sangara asiyefika 50 sheria hairuhusu avuliwe. Mwambie anayeparua atoe matumbo na matamvua yote, maana uozo huanzia hapo. Osha, futa maji, wagandishe kwenye friza usiku kucha. Asubuhi wapange kwenye deli, lile la wauza maji, kwa mtindo wa barafu chini, samaki, barafu, samaki, barafu juu. Kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Chini kabisa weka kitu cha kuwanyanyua, hata sahani mbili zilizopinduliwa, ili wasilale kwenye maji yanayoyeyuka. Zungushia mfuniko selotepu pana, na usiufungue njiani kuwaonyesha shemeji zako wa Singida.

Mwaka ule wa kwanza mimi sikuwa na deli. Nilibana sato kumi na wawili kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko uliopasuka, nikaichomeka nyuma ya kiti. Tambarare yote ilitulia. Tulipoanza kupanda mlima wa Sekenke na gari likainua pua, maji ya samaki yalitoka polepole yakaingia chini ya kapeti. Tuliyagundua Ikungi, tumeshaipita Singida, kwa pua.

Jambo hilo likikupata, usikimbilie maji ya moto, yanapikia harufu kwenye kitambaa. Ng'oa kapeti ukiweza. Osha kwa maji baridi, kisha siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kisha anika juani siku mbili milango ikiwa wazi. Jua la Dodoma hapo ndipo linapofanya kazi ya maana. Likikauka nyunyizia magadi soda, uyaache usiku kucha, asubuhi ukung'ute. Marashi ya gari yaache dukani. Sisi tulining'iniza mawili, tukapata harufu ya sato aliyejipulizia manukato.

Hatua ya 4: Barabara

Ni karibu kilomita 700: Misungwi, Shinyanga, Tinde, Nzega, Igunga, Singida, Manyoni, Bahi, nyumbani. Ukiondoka saa kumi na moja alfajiri ukasimama kibinadamu, unaingia Dodoma kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni. Ukipata watoto watatu wenye vibofu vitatu visivyopatana, ongeza saa moja. Aliyekaa upande wa Sengerema siku hizi amepunguziwa adha: daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, hakuna tena kusubiri kivuko.

Tairi, maji ya rejeta, breki na spea viangalie jana yake mchana kwa fundi, si alfajiri kwa tochi ya simu. Barabarani usipambane na vibao vya 50. Vijiji vimefuatana, na kila kijiji kina kibao chake, na trafiki wengine wamekaa chini ya mti ambao huwezi kuuona mpaka umeshaupita.

Kuanzia Tinde hauko peke yako. Hapo yanaingia malori yanayotoka Rwanda, Burundi na Kongo, na mtasindikizana nayo mpaka Dodoma. Baada ya Igunga unavuka mbuga ya Wembere, nyika tupu ambayo hupangi kuishiwa mafuta ndani yake, ndipo unafika Sekenke. Kwa anayerudi, Sekenke ni kupanda, na magari mengi madogo huchemka pale kwa sababu yamejaa, kipupwe kimewashwa, na dereva ana haraka ya kulipita lori kwenye kona. Zima kipupwe, fungua vioo, shika gia ndogo, kaa nyuma ya lori. Dakika kumi zile hazitakufukuzisha kazi.

Singida kuleni chakula cha mchana, na dereva alale nusu saa. Kama mmechoka, laleni hapohapo: zimebaki kilomita kama 240, asubuhi mtazimaliza kabla ya saa nne. Baba watoto wangu hupinga kila mwaka ("Singida ni hapa tu, mama"), na kila mwaka akishafika Manyoni ananyamaza. Asali nunueni, alizeti nunueni. Kuku wa hai kwenye gari lenye watoto na deli la samaki sishauri, na sitaeleza nilijuaje.

Baada ya Manyoni mnateremka ukingo wa Bonde la Ufa upande wa Saranda. Hapo kinyume cha Sekenke: gia ifanye kazi ya kushikilia gari, mguu usikae kwenye breki muda wote. Kintinku na Bahi pitieni kukiwa na mwanga. Jioni mifugo inarudi zizini, na ng'ombe wa Mgogo haijui honi yako.

Wa basi: mizigo ya samaki isemeni mapema wakati wa kukata tiketi, iandikwe, na deli lifungwe lisivuje. Kondakta anaweza kukataa ndoo inayotoa maji, na hapo hutakuwa na hoja. Mtoto anayetapika akae dirishani mbele ya tairi za nyuma, na asinywe soda kabla ya safari.

Hatua ya 5: Kwanza jirani, kisha mlango

Simameni kwa jirani mliyemwachia macho ya nyumba kabla hamjaingia kwenu. Kwanza ni adabu. Pili, ana habari mnazozihitaji. Sisi tunaye bibi mmoja wa Kigogo mwenye kiti chake nje ya geti.

"Mmerudi mama? Hamkuzama?"

"Hatukuzama, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Umeme ulikatika Jumanne tangu asubuhi mpaka usiku. Na maji yametoka jana tu."

Kwa maneno hayo nimeshajua nini kimetokea kwenye friza na nini kipo kwenye simtanki, na bado sijatoa ufunguo. Fungu lake la samaki lifungeni peke yake toka Mwanza, lenye jina, juu ya mengine. Ukianza kugawa ukiwa umeshafika ndani, utajikuta unampa aliyekulindia nyumba wiki nzima mikia mitatu. Orodha ya zawadi ni lazima iandikwe kabla ya kununua: jirani, dada wa kazi kama alibaki, mwalimu wa mdogo, wenzako wawili wa ofisini watakaokuuliza Jumatatu. Wengine wape salamu.

Hatua ya 6: Ingieni kwa mpangilio

Mkubwa mmoja anaingia kwanza, amevaa viatu vya kufunika, ana tochi. Watoto wabaki garini dakika tano. Nyumba iliyofungwa wiki nzima Dodoma hupata wapangaji, hasa nge. Angalia nyuma ya milango, chini ya makapeti ya miguu, ndani ya viatu vilivyoachwa varandani, na kwenye rundo la nguo. Kung'uta mashuka yote. Pita pia kwenye kuta na miguu ya kabati kutafuta njia za udongo za mchwa. Wiki moja inawatosha kuanza kula fremu ya mlango.

Fungua madirisha kabla ya kuwasha chochote. Kama mtungi wa gesi haukufungwa vizuri, hewa itoke kwanza. Ukisikia harufu, usibonyeze swichi yoyote.

Maji: yakiwa yamekatika na kurudi, bomba litatoa upepo kwa kelele kisha maji ya tope. Fungua taratibu, acha yakimbie kwenye ndoo, umwagilie miti nayo. Choo au sinki likinuka msiite fundi bado. Hewa yetu ni kavu, yale maji yanayokaa kwenye kona ya bomba la taka yamekauka na harufu inapanda moja kwa moja. Mwaga ndoo moja kila tundu, usubiri saa moja.

Friza ina mtihani wake, na huu unauandaa kabla ya kwenda likizo. Gandisha chupa ya maji nusu ikiwa imesimama, siku ya kuondoka uilaze. Ukirudi ukakuta barafu bado imeegemea upande wa kitako, chakula hakikuyeyuka. Ukikuta barafu imelala ubavuni, basi iliyeyuka yote ikaganda upya, na nyama iliyokuwa jirani yake iliyeyuka pia. Itupe. LUKU nunueni kwa simu mkiwa Manyoni, na namba za tokeni ziandikeni kwenye karatasi. Simu itaisha chaji mlangoni, huwa haikosei.

Usiku huo usipike chochote cha maana. Sisi bibi alituletea ugali wa uwele na mlenda, na baada ya siku saba za samaki asubuhi, mchana na jioni, sikumbuki chakula kilicholiwa kimya namna ile.

Hatua ya 7: Nguo na ngozi

Zilizo mbichi zifuliwe kwanza, hata kama ni usiku ziloweke. Kama ni wiki ya mgao wa maji, suuza za kuogelea tu, nyingine zisubiri. Zikung'uteni mchanga nje, msiuingize kwenye mashine ya kufulia. Kukauka si shida, mchana wa Julai hapa suruali ya jinzi haimalizi nusu siku.

Ngozi ndiyo inayoshtuka. Watoto wangu walidhani Dodoma iko juu kuliko ziwa kwa sababu midomo inawapasuka. La, Ziwa Victoria liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na Dodoma ni karibu hapohapo, mita 1,120 hivi. Tofauti ni unyevu. Siku tatu za mwanzo wapakeni mafuta ya mgando midomoni na ndani ya tundu za pua, hasa wale wanaotoka damu puani upepo wa vumbi ukianza.

Hatua ya 8: Ziwa lililobaki mwilini

Hii ndiyo watu wanaisahau kabisa, kwa sababu mizigo imeshapangwa kabatini.

Malaria kwanza. Dodoma ni mkoa wenye malaria kidogo, kanda ya ziwa ina nyingi. Mtu aliyeng'atwa na mbu Mwanza anaweza kuugua wiki moja hadi nne baadaye, akiwa ameshasahau ziwa. Kwa hiyo ndani ya mwezi mmoja, homa yoyote ya mtu aliyekwenda safari ipimwe siku hiyohiyo. Mkifika kwenye zahanati semeni bila kuulizwa: "Tumetoka Mwanza tarehe fulani." Msianze na panadoli na kusubiri kesho. Yule mtoto wetu wa mwaka wa kwanza alipimwa Jumatatu saa mbili asubuhi, ikakutwa ni malaria. Tulikuwa tumesema ni uchovu wa safari.

Kichocho ni kipole zaidi na ndiyo maana kinaponyoka. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wa kwenye maji ya kina kifupi, penye majani, hapohapo watoto wanapopenda kukaa. Vinapenya ngozi kwa dakika chache tu. Pengine ngozi itawasha siku moja au mbili, pengine hutaona kitu. Kati ya wiki ya tatu na ya nane wengine hupata homa, kikohozi, vipele au tumbo la kuharisha, na wengi hawapati dalili yoyote.

Sasa sikiliza hapa. Wengi tunajua kichocho kuwa ni kukojoa damu, tusipoiona tunajipongeza. Kinachopatikana zaidi kwenye fukwe za Ziwa Victoria ni kichocho cha tumbo. Mayai yake yanatoka kwenye choo kikubwa, na mkojo unaweza kuwa safi kabisa. Ukienda maabara waambie wapime choo, na uwaambie mliogelea ziwani.

Wala msikimbilie kipimo wiki mliyorudi. Minyoo inahitaji wiki kadhaa kukua na kutaga, kipimo cha mapema kitasema hakuna. Na dawa yake, praziquantel, inaua minyoo iliyokomaa lakini ile michanga inaiacha, kwa hiyo kumeza "ya kujihami" siku ya pili baada ya safari kunaweza kukupa amani ya uongo. Nenda baada ya kama miezi mitatu tangu siku ya mwisho mliyoingia majini. Dozi inapangwa kwa uzito, kila mtoto na yake, kwa hiyo msigawane nyumbani. Kama dalili zimeanza kabla, msisubiri miezi itimie, nendeni mkaeleze.

Familia nzima iende, pamoja na yule aliyesema aliingiza miguu tu.

Sisi tuna kalenda ya ukutani jikoni. Usiku tunaporudi, kabla ya kulala, naandika siku ya mwisho ya maji, nahesabu miezi mitatu mbele na kuzungushia kalamu nyekundu. Mwaka huu imeangukia Septemba, wiki ambayo kitinda mimba ana mitihani, nikaisogeza siku nne. Pembeni yake mkubwa ameandika kwa penseli: choo, si mkojo.